Bibi Mara Tatu na Karatasi ya Kinyala

Mimi mtu akiniamkia kwa uchangamfu mno asubuhi, najiuliza anataka nini. Msicheke. Nimefundisha historia miaka thelathini na mitatu, yote hapa Tukuyu, na kazi hiyo haimwachii mtu moyo wa kuamini ovyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikipewa risiti ya sukari lazima niigeuze nyuma nione kama imefutwafutwa. Ni kweli, naigeuza mpaka leo. Sasa nyie walimu wapya mmekuja na daftari zenu, mmekaa kwenye makochi yangu hapa Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya Tukuyu, mnataka niwaambie namna ya kumfundisha mtoto ahoji maandishi. Nitawaambia. Lakini mtasikiliza pia habari ya siku niliyomtilia shaka mtu asiyestahili, maana hiyo hamtaikuta kwenye mtaala.

Nilipopangiwa huku nilikuwa binti wa Korogwe, nimezoea jua. Nilishuka na sanduku la bati na viatu vya wazi, mvua ikanipokea stendi, na nadhani haijakata vizuri tangu siku ile. Somo langu la kwanza hapa halikuhusu historia, lilihusu chaki. Chaki ya huku inanyonya unyevu mpaka inateleza tu ubaoni. Niliandika kipindi kizima, nikageuka kuwaelekea wanafunzi, wakawa wananitazama kwa huruma kwa sababu ubao ulikuwa mweusi vilevile. Mkuu wangu wa idara, Mwalimu Anyosisye, mzee wa hapahapa Rungwe aliyevaa koti moja la sufu mwaka mzima, ndiye aliyenionyesha dawa yake. Unatia chaki kwenye kopo la maziwa, unaliweka kando ya jiko, asubuhi unalibeba ndani ya koti. Mwalimu wa huku mkimwona mfuko umetuna mjue ni chaki, msimwombe mkopo.

Huyo Mwalimu Anyosisye ndiye aliyenifundisha kazi, chuo kilinifundisha kufaulu mitihani. Kitu chochote kilichoandikwa, uwe waraka wa mkoloni, barua ya mmisionari au tangazo la mkuu wa shule kuhusu chai ya walimu, alikisoma akijiuliza mambo mawili. Nani alishika kalamu? Na siku hiyo alikuwa na njaa ya nini? Basi, hakuwa na la tatu. Nilimwona akisoma hata kadi ya mwaliko wa harusi kwa mtindo huo, na hakukosea, maana harusi yenyewe ilivunjika.

Kwenye kabati la idara palikuwa na kitabu kisicho na jalada. Kiliachwa na mwalimu mmoja mzungu wa misheni, mchwa wakala kurasa za mwanzo na za mwisho, katikati ikabaki nzima. Ndani ya hiyo katikati ndimo nilimokutana na bibi mmoja wa Kiingereza, wa zile zama za ukabaila ambazo mnazifundisha kwa kuorodhesha sifa zake kisha mnauliza maswali. Jina lake wanafunzi walilitafuna wakashindwa kulimeza, wakambandika la kwao: Bibi Mara Tatu, kwa kuwa alifiwa na waume watatu kabla hajatimiza miaka thelathini.

Nilikuwa nawasimulia Ijumaa, kipindi cha mwisho. Wiki nzima tunaandika kwa Kiingereza, Ijumaa tunaelewa kwa Kiswahili. Mkaguzi akija tunarudi kwenye Kiingereza, na wanafunzi walijua bila kuambiwa. Habari yenyewe ni hii. Bibi huyo alizaliwa ukoo mkubwa, na mfalme wa nchi alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Kaka yake akafa vitani bila mtoto, ardhi ya baba ikagawiwa mabinti watatu. Sasa dada mkubwa alikuwa ameolewa na bwana mmoja, kipenzi cha mfalme. Shemeji huyo hakutosheka na fungu la mkewe, akalitamani la huyu mdogo.

Mume wa tatu alipoasi akafa, mjane akafungiwa kwenye nyumba ya watawa na watoto wake. Karatasi ikaletwa: toa ardhi yako hii nzuri, upokee ile nyingine. Akatia mhuri. Haukupita muda, hata ile ya kubadilishiwa wakaitaka. Krismasi moja mfalme akamwita, wakamtenga na washauri wake, wakamwambia asipotia mhuri hatashika hata tuta moja chini ya mfalme. Alikataa, akazungushwa, mwisho akatia. Hapo ndipo darasa lilipokuwa linaguna. Msichana mmoja wa Kiwira alisimama akauliza, kwa hasira kabisa, huyo alikuwa mjomba wa namna gani? Kwao mjomba ndiye unayemkimbilia.

Lakini bibi hakulala. Alijifungia chumbani na watu wachache anaowaamini, akamwita mwandishi wa sheria, akaandikisha kwa siri kwamba mhuri ule aliutia kwa hofu na si kwa kupenda. Karatasi dhidi ya karatasi. Akaificha, akasubiri. Baadaye shemeji akaanguka, mfalme naye akaanguka, na bibi akarudishiwa mashamba yake. Alikula kiapo asiolewe tena, akaendesha ngome, makarani, wavuna ngano na wafua vyuma, wakubwa wa nchi wakawa wanapanga foleni kula mezani kwake. Alipozeeka akatoa mali kujenga nyumba ya wanafunzi kwenye chuo kikuu, na ipo mpaka sasa. Mwanamke mmoja, na ujane wake, na mhuri wake.

Kutoka hapo ndipo nilipowafundisha kuhoji. Nilikuwa naleta darasani karatasi za kweli, risiti za kanisani, barua za mahari, hati za kuuziana ng'ombe, tunazipekua moja moja. Niliwaambia, mkiona pameandikwa "kwa hiari yangu na bila kushurutishwa", simameni hapo. Nani kati yenu akila ndizi anaandika kwamba amekula kwa hiari? Hiari huandikwa pale ilipokosekana. Tena niliwaambia watazame mashahidi. Mwenye kughushi anapenda shahidi mkubwa na anapenda shahidi marehemu, kwa kuwa mkubwa hakanushwi na marehemu haulizwi. Wanafunzi waliandika yote hayo. Aliyeandika kuliko wote alikuwa kijana anaitwa Gwakisa.

Gwakisa baba yake alikuwa mkulima wa kata ya Kinyala, Mzee Ambakisye, ila mtoto alilelewa Mbeya mjini kwa wajomba zake, akaja Tukuyu kusoma bweni tu. Alikuwa na akili ya kuchomoza. Mimi nilimpenda, niseme wazi, mwalimu anayekwambia hana kipenzi anakudanganya. Nilipostaafu, yeye alikuwa tayari ameajiriwa, akaja kwenye sherehe na blanketi zito, akalia mbele za watu akisema mimi ndiye niliyemfungua macho. Blanketi hilo ndilo hilo mlilolikalia.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu, mama mmoja akabisha hodi hapa. Mwembamba, kitenge kichwani, miguu ina matope ya Kinyala mpaka gotini. Akajitambulisha kuwa ni Mama Tumpe, mjane wa kaka yake Mzee Ambakisye, na kwamba ameambiwa kuna mwalimu Tukuyu anayejua karatasi za uongo. Akatoa fotokopi kifuani, imekunjwa mara nane.

Alikuwa na shamba la kuishi, si la kutajirika. Migomba, chai kidogo, viazi, na kaburi la mumewe katikati. Watoto wake ni mabinti watatu, wote wameolewa mbali. Arobaini ya mumewe ilipokwisha, shemeji Ambakisye akamjia na hiyo karatasi akampa mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka. Baraza la kata lingewasikiliza wiki mbili baadaye. Akitoka hapo hana pa kwenda, labda akakae jikoni kwa mkwe mmojawapo kama mgeni asiyeondoka. Alisema hivyo mwenyewe, bila kulia.

Nikavaa miwani. Karatasi ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake na bila kushurutishwa, akiwa ameketi sebuleni kwa baba mkwe wake, mbele ya baba mkwe huyo na mashahidi wawili, alikubali kuwa mumewe akitangulia kufa, shamba litarudi kwa mdogo wa mume. Chini kuna alama ya dole gumba. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa. Mashahidi nao, nikauliza, wote marehemu.

Nilikuwa nasoma somo langu mwenyewe. Hiari ipo, mkubwa yupo, marehemu wapo, wamepangwa kwa vyeo vyao kama nilivyokuwa nawapanga ubaoni. Jina la Gwakisa lilinijia palepale. Nikalifukuza. Kijana aliyelia kwenye sherehe yangu? Nikajiambia hati zote za uongo zinafanana, ndiyo maana zinafundishika. Mashaka yangu yalikuwa yamechomoa kisu na yanahitaji mtu wa kumchoma, nikamgeukia aliyekuwa karibu.

Nikaanza kumhoji huyo mama kama mkaguzi. Hili dole ni lako? Akasema si lake. Siku hiyo ulikuwa wapi? Hajui ni siku gani, ila hakuwepo. Basi niambie, sebule ya mkwe wako ikoje, mlango umeelekea wapi, kuna viti vingapi? Akasema haijui. Umekaa jirani na nyumba hiyo miaka mingapi? Ishirini na miwili. Miaka ishirini na miwili, nyumba iko hatua mia moja kutoka jikoni kwako, hujui ina viti vingapi? Akainamisha uso, akavuta kitenge kikafunika mdomo. Nikamuuliza huyo mkwe alikuwa anaitwa nani, nipate pa kuanzia. Akasema, "Huyo mzee." Nikarudia swali. Akatazama mlangoni kama anayetaka kuondoka.

Miaka yote ile nimewatazama wanafunzi walioibia mitihani, namjua mtu anayekwepa. Nikaamua moyoni: huyu dole alipiga. Alikuwepo, akatishwa, akapiga, na sasa anaona haya kukiri. Tena, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimempata Bibi Mara Tatu wangu, mzima, na matope miguuni. Shemeji yupo, karatasi ipo, mjane yupo. Kilichobaki ni ile karatasi ya siri ya kukana, na mwandishi wake ningekuwa mimi.

Nikamsimulia habari nzima ya yule bibi. Alisikiliza kwa adabu, hata chai hakunywa mpaka nimalize. Nikamwambia, basi na wewe useme vivyo hivyo barazani. Sema ulilazimishwa. Sema mzee alikutisha. Hakuna atakayekulaumu.

Akafikiri, kisha akasema, "Huyo mama alikuwepo, Mwalimu. Mimi sikuwepo."

Nikaona ni ukaidi. Alikuja mara tatu katika zile wiki mbili, anatembea, anapanda gari la mzigo, anashuka, anatembea tena, na mara zote tatu nilimfundisha sentensi ileile: nililazimishwa. Mara ya tatu hakubishana. Nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa amekubali. Kumbukeni jambo hili vizuri, maana angelisema hilo neno nililompa, angekuwa amekubali mbele ya baraza kwamba alikaa sebuleni na dole ni lake. Angetakiwa athibitishe kwamba alilazimishwa, na mashahidi wote wako kaburini. Mimi, mtaalamu, ndiye niliyekuwa namsukuma nje ya shamba lake.

Siku ya baraza mvua ilikuwa inapiga bati la ofisi ya kata mpaka watu wanasemeshana kwa kupaza sauti. Wajumbe walikuwa sita mezani, mwenyekiti mtu wa makamo mwenye haraka zake, na mwishoni kabisa mama mzee sana, Bibi Tupokigwe, aliyesinzia tangu dua ya kufungulia. Nilikaa benchi la nyuma. Upande wa pili alikaa Mzee Ambakisye, macho yake yamefifia kwa uzee, na pembeni yake, ndani ya koti zuri la mvua, Gwakisa.

Akaja kuniamkia. Nikamwitikia marahaba. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu. Mwanafunzi wangu ninayemfahamu tangu hajaota ndevu, nami nikajua. Niliwaambia nilikuwa nimelifukuza wazo lile, kumbe halikuwa limekwenda mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ningeweza kusimama palepale. Sikusimama. Nilijiambia sina ushahidi, na neno ushahidi ni zuri sana kwa mtu mwoga.

Mwenyekiti akaisoma karatasi kwa sauti. Alipofika pale pa "akiwa ameketi sebuleni kwa baba mkwe wake", nilimwona Mzee Ambakisye akishtuka kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha, akamgeukia mwanawe. Sikuelewa. Mzee yule hakuweza kusoma tena maandishi, nilikuja kujua baadaye kwamba aliambiwa tu karatasi imekaa sawa, na siku hiyo ndiyo aliisikia yote kwa mara ya kwanza.

Mama Tumpe akaitwa, akaulizwa kama maneno hayo ni kweli. Nilikuwa namwashiria kwa kichwa kutoka nyuma, sema sasa. Akasema hakuwepo. Mwenyekiti akamuuliza kama ana jambo jingine. Akasema hana. Nilifumba macho kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nyie wanangu, yeye na si mwingine.

Gwakisa akaomba kuuliza. Alisimama vizuri, mikono nyuma, sauti ileile niliyoipigia makofi kwenye midahalo. Akasema shahidi mkweli hujulikana kwa kujibu jambo dogo bila kusita, na hayo nayo yalikuwa maneno yangu. Kwa hiyo, akasema, anaomba huyu mama alitajie baraza jina la baba mkwe wake, jina tu, halafu aseme tena kwamba hakukaa mbele yake. Baba yake akamvuta koti akamwambia akae chini. Hakukaa. Akarudia: jina tu.

Mama Tumpe akavuta kitenge kikafunika uso wote, akageuka akatazama ukuta.

Nikajisemea yamekwisha, ameumbuka. Gwakisa alikuwa amefungua mikono kuwaonyesha wajumbe, kama kusema mmejionea wenyewe.

Bibi Tupokigwe hakuwa amelala. Alishika meza akainuka polepole, akamwambia Gwakisa jambo kwa Kinyakyusa, kijana hakulipata lote, akarudia kwa Kiswahili.

"Mwanangu, umekulia wapi?"

"Mbeya mjini, bibi."

"Mjini mnakula na wakwe meza moja. Sawa, Mungu awabariki. Huyu aliolewa Kinyala, kwa mzee ambaye hakuacha desturi mpaka anakufa. Miaka ishirini na miwili akimsikia mkwe wake anakohoa njiani, anaingia kwenye migomba, hata akiwa na ndoo ya maji kichwani. Chakula cha mzee alipika yeye, kikapelekwa na mtoto. Ndani ya nyumba ile hajakanyaga. Jina lake hajalitaja, hata neno linalofanana nalo analikwepa. Leo mzee yuko kaburini na bado halitaji, mmeona wenyewe. Sasa mnatuambia aliketi naye sebuleni, wakatazamana, akapiga dole?"

Wajumbe wengine wawili wakaguna, mama mmoja kwenye benchi akasema "ndaga", lile neno la kwao la kukupa pole na kukushukuru kwa pamoja. Mwenyekiti akamuuliza Mzee Ambakisye kama ana la kujibu. Mzee akainuka. Halafu akasema maneno hayo ya karatasi hayawezi kuwa ya nyumba ya baba yake, na akaomba apewe karatasi aondoke nayo. Mwenyekiti akakataa, akaitia kwenye faili, ikaandikwa kwamba baraza haliiamini na mjane anabaki kwenye shamba lake.

Nataka mjue nilivyojisikia, maana wenzangu waliostaafu huwasimulia nyie ushindi tu. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Desturi ile nilikuwa naijua! Niliifundisha kidato cha pili mwaka baada ya mwaka, mila za zamani za makabila yetu, mkwe na baba mkwe wa Kinyakyusa, andika mistari mitano, maksi tano. Niliifundisha kwa wakati uliopita. Wali-, wali-, wali-. Nimeishi Rungwe kuliko nilivyoishi Korogwe, lakini niliishi mjini, na walimu, na watu wa ofisini, na niliona wakwe wakishikana mikono kanisani nikafikiri mambo yamekwisha. Mama ameketi kwenye kochi langu ameziba mdomo kwa kitenge, jibu lote liko hapo mbele ya macho yangu, mimi namtafuta ndani yake mwanamke wa Uingereza. Nilimjua vizuri mjane aliyekufa karne nyingi zilizopita. Huyu aliyekuwa anakunywa chai yangu nikamwita mwongo.

Kuna jambo baya zaidi. Mashaka yangu niliyojivunia hayakuwa ya haki. Kwa Gwakisa, aliyenipa blanketi, niliyafungia kabatini. Kwa mama wa shamba asiye na cha kunipa, niliyaachilia yote. Nani alishika kalamu na alikuwa na njaa ya nini, hayo niliyauliza kila mtu isipokuwa mimi. Nilikuwa na njaa ya kuwa mwalimu ambaye kipenzi chake ametoka vizuri.

Nje, kwenye kibaraza cha ofisi, Gwakisa alikuwa anasubiri mvua ipungue. Baba yake alikuwa ameshatangulia bila mwavuli, hakutaka kuongozana naye. Nilimwendea nikamuuliza kama ni yeye. Hakukana.

"Madam," akasema, "nilifuata vilevile ulivyotufundisha."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma. Nilikuwa nimewaonyesha vijana kila mahali ambapo mwongo hukosea, na sikuwahi kuwaambia kwamba ni dhambi. Nilidhani wanajua. Nikaingia mvuani, na mpaka leo hajaja hapa tena, wala blanketi sijalirudisha.

Mama Tumpe nilimkuta njiani, amefunga kitenge upya, anatembea kuelekea kwake kwa mwendo wa mtu mwenye kazi inayomngoja. Nikamfuata nikihema, na umri huu. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nikamweleza yote, kwamba sikumwamini, kwamba nilimfundisha uongo ambao ungemponza, kwamba nilimhukumu kwa kuinamisha uso.

Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua huniamini, Mwalimu. Tangu siku ile ya kwanza."

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliendelea kuja, mara tatu, na matope yale yote?

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Mtu akiogopa anakaa hata na asiyemwamini, mradi anajua kusoma."

Nilimshika mkono. Akaniachia kidogo nikiwa nimeushika, kisha akauchukua, akakata kushoto kwenye migomba, akaenda shambani kwake.